Magendo Hayana Mwenyekiti

Tarehe 28 Agosti 2017 mfuko wa plastiki uliharamishwa nchini Kenya. Anayeutengeneza, anayeuuza au anayeuingiza alitishwa kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote pamoja. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kaveera, kama mifuko hiyo inavyoitwa huko, ziliendelea kuuzwa. Huko nako zimepigwa marufuku zaidi ya mara moja, lakini marufuku hizo zilibaki kwenye karatasi. Haikuchukua muda, kitu ambacho watu wa Busia, mji wa mpakani, walikuwa wakikitupa mtaroni kikawa mali ya kufichwa. Mifuko ikaanza kuvuka Busia na Malaba ikiwa imezikwa katikati ya magunia ya nafaka au imekunjwa ndani ya nguo, ikielekea kwa wauza mboga na nyama wa miji ya Kenya magharibi.

Sasa tuchukue mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, ule uliofunguliwa kwa saini Palermo, kisiwani Sicily, Desemba 2000. Kwa mkataba huo, kundi la uhalifu wa kupangwa ni watu watatu au zaidi, walioshirikiana kwa muda, wanaotenda kosa zito kwa makubaliano ili wapate fedha au faida nyingine. Kosa zito ni lile ambalo kifungo chake cha juu hakipungui miaka minne. Hesabu mwenyewe. Mama anayenunua mifuko Busia ya Uganda, kijana wa bodaboda anayeivusha, na binamu yake anayekaa njiani kuangalia kama askari wapo: watu ni watatu, faida ipo, na miaka minne imeandikwa. Kwa herufi za Palermo, hao ni mafia.

Mfano huu unachekesha, lakini unatupa mahali pa kuanzia. Vitabu vingi kuhusu magenge huanza na bosi. Yuko mzee mwenye pete kidoleni, kuna kiapo, kuna vijana wanaosubiri amri. Ukienda Busia au Tororo kumtafuta mzee huyo utarudi mikono mitupu. Matajiri wapo, na baadhi yao wamejenga maghorofa unayoyaona kutoka barabara kuu. Mwenyekiti hayupo. Hata hivyo mizigo inavuka, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, kwa utaratibu unaofahamika na kila mtu anayehusika. Nani anauweka utaratibu huo?

Hadi Machi 1902 hapakuwa na mpaka hapa. Nchi yote kutoka Busia mpaka Naivasha ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza wakauhamishia mkoa huo kwenye himaya yao jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Reli ilikuwa imefika ziwani mwaka uliotangulia, na walitaka iwe chini ya utawala mmoja. Mstari uliotokana na hesabu hizo za kiofisi ulipita katikati ya Wasamia na katikati ya Iteso. Msamia wa Majanji upande wa Uganda na Msamia wa Sio Port upande wa Kenya wanashiriki koo na wanaoana. Iteso wa Tororo na Iteso wa Amagoro vivyo hivyo. Kwa watu ambao kwao ni mwiko kuoa ndani ya ukoo wao, mke hutoka kwingine, na kwingine huko mara nyingi ni ng'ambo. Mazishi yanavuka mpaka. Ng'ombe wa mahari anavuka mpaka, wala hapitii kwa daktari wa mifugo kuomba cheti.

Vituo vikubwa viko viwili. Busia imekaa kwenye barabara ya Kisumu kwenda Jinja, mji mmoja uliopasuliwa ukawa miji miwili yenye jina moja, na mahali pengine nyumba za nchi mbili zimepeana migongo. Malaba iko kaskazini, wilayani Tororo kwa upande wa Uganda, kwenye barabara itokayo Eldoret na Bungoma, pamoja na reli. Kati ya vituo hivyo, na nje yake pande zote, kuna mihogo, mahindi, vinamasi na vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto anavivuka bila kulowesha kaptula. Huko ndiko ziliko njia za panya. Sofia, mtaa wa Busia ya Uganda uliogusana na Kenya, umetajwa na magazeti kuhusu magendo mara nyingi kiasi kwamba jina lake linatosha bila maelezo.

Ujirani wa namna hii peke yake huzaa biashara ndogo. Aliyeugeuza kuwa uchumi mzima ni Idi Amin, akisaidiwa na baridi ya Brazil.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa wanajeshi na watu wa karibu nao, wengi wao wakiwa hawajawahi kuuza hata kiberiti, na baada ya miaka michache sukari, chumvi na sabuni zikawa vitu vya kutafutwa kwa kujuana. Kisha, Julai 1975, jalidi ikaunguza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda mfululizo mpaka mwaka 1977 ikapita dola 3 kwa ratili. Mkulima wa Bugisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Tororo, alikuwa na kahawa bora kabisa, na mnunuzi halali mmoja tu: serikali, iliyomlipa kidogo, ikamlipa kwa kuchelewa, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Upande wa Kenya, chini ya mlima uleule, palikuwa na mahali paitwapo Chepkube.

Wazee wa Bungoma bado wanalitaja jina hilo kama watu wengine wanavyotaja Kimberley au Klondike. Kahawa ilishuka kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli, ikalipwa kwa fedha za Kenya au kwa sabuni, blanketi na sukari. Watu waliofika pale na baiskeli moja waliondoka na lori. Amin alikuwa amekwisha kuunda, mwaka huohuo wa 1975, mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi yenye uwezo wa kuwapiga risasi wafanya magendo, na akamkabidhi Mwingereza wake, Bob Astles, kazi ya kuwasaka. Haikusaidia. Wanajeshi waliotumwa kuziba njia walikuwa wanalipwa kwa shilingi ileile isiyonunua kitu, na wao pia walihitaji sabuni.

Mwanasayansi wa siasa Nelson Kasfir, akiandika mwaka 1983, aliona kwamba magendo ya Uganda yalikuwa yamezaa tabaka jipya. Juu walikaa mafuta mingi, wale waliorithi mali za Waasia na wenye mkono serikalini. Chini walikuwa bayaye, vijana wa mjini wasio na kazi wala shamba, waliobeba, waliochuuza na waliokamatwa. Ngazi hiyo haijabomoka hadi leo, ingawa wanaoikanyaga wamebadilika. Nchi hizi mbili zilipokaribia kupigana Desemba 1987, risasi zikarushwa Busia na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa, lakini urafiki wa serikali uliporudi, magendo hayakuhitaji kuanzishwa upya.

Kwa maana msingi wake ni bei, na bei hazisomi magazeti ya siasa. Sukari ya Kenya imekuwa ghali kwa miaka mingi kwa sababu viwanda vyake vya magharibi vimelindwa, vikakopa, vikashindwa. Kwa hiyo sukari huja kutoka Uganda. Petroli mara nyingi imekuwa nafuu zaidi Kenya, iliyo karibu na bahari. Kwa hiyo madumu huenda Uganda. Serikali ikitoa katazo jipya, siku hiyohiyo imefungua biashara mpya. Januari 2017 Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda kwa sababu ya mafua ya ndege yaliyoonekana Ziwa Victoria, na trei za mayai zikahama kutoka barabarani kwenda vichochoroni. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa maziwa: shehena za Lato, kutoka Uganda, zilikamatwa. Machi 2021 yalikuwa mahindi, yaliyokatazwa kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache tu katazo likalegezwa kwa masharti. Mtu wa Busia hahitaji kusoma gazeti rasmi la serikali. Anaangalia gurudumu la baiskeli limeelekea wapi.

Mwaka 1983 uleule, mchumi Peter Reuter alichapisha utafiti wake juu ya kamari na mikopo haramu jijini New York, mji ambao kila mtu aliamini uko mfukoni mwa familia tano za mafia. Alikuta wadogo wengi wanaoshindana. Maelezo yake ni mepesi na yanaingia Busia bila kupunguzwa wala kushonwa upya. Biashara haramu haiwezi kutangaza, haiwezi kukopa benki, haiwezi kuandika hesabu, haiwezi kumshtaki mdaiwa. Kila mfanyakazi unayemwongeza ni shahidi mwingine. Ikikua inaonekana, na ikionekana inakamatwa. Ndiyo maana hubaki vipande vipande.

Vipande vya Busia vinajulikana. Yuko mwenye mali, ambaye mara nyingi ana duka halali na leseni ukutani. Yuko mvushaji, mwenye baiskeli au pikipiki. Ikumbukwe kwamba bodaboda zenyewe zilizaliwa kwenye mpaka huu, baiskeli za kuvusha watu na vifurushi kati ya kituo cha nchi moja na kingine. Yuko kijana wa kuangalia njia, ambaye zamani alipiga mluzi na leo anapiga simu. Yuko mwenye nyumba, aliyebahatika kujenga mlango wa mbele nchi moja na wa nyuma nchi nyingine, au karibu hivyo. Mzigo wa lori hupasuliwa ukawa mizigo hamsini ya baiskeli, unavuka kama maji yanavyopita kwenye mkeka, na ng'ambo unakusanywa kuwa lori tena. Kila mmoja anamjua anayempa na anayempokea. Akikamatwa hana mengi ya kusema, hata akitaka kusema.

Lakini hapa inakuja shida ambayo Reuter, kwa kuwa ni mchumi, aliipita haraka. Mwenye mali anampa kijana magunia ya sukari yenye thamani kubwa kuliko baiskeli yake, nguo zake na nyumba yao vyote pamoja. Kijana anaingia gizani. Akirudi na kusema, "Wamenikamata, wamechukua kila kitu," mwenye mali atajuaje? Polisi hawezi kuwauliza. Mahakama ndiyo kabisa.

Huko Sicily, kama alivyoeleza Diego Gambetta katika kitabu chake cha mwaka 1993, swali hilo ndilo lililozaa mafia: pale ambapo hakuna anayemwamini mwenzake na serikali haitoshi, hutokea mtu anayeuza dhamana kwa kutisha pande zote mbili. Busia haikumhitaji mtu huyo, kwa sababu dhamana ilikuwapo kabla ya mpaka. Mvushaji ni mtoto wa dada, au shemeji, au kijana wa ukoo ambao mke wa mwenye mali ametoka. Nyumba ya baba yake inajulikana. Akiiba, hesabu haiishii kwake: dada yake ameolewa kule, mjomba anadai mahari, mzee anahitaji kuzikwa siku moja na watu watakaokuja kuchimba kaburi. Aibu inatembea haraka kuliko pikipiki. Na asiye na jamaa hutafuta wa kumsimamia, maana mgeni asiye na mdhamini hapewi mzigo. Anapewa kazi ya kupakia.

Kwa Iteso, sehemu ya kupimana ni kwenye ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Ivan Karp, mwanaanthropolojia aliyeishi na Iteso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 kuhusu adabu za chungu hicho, nani anaketi wapi na mrija unashikwaje. Alionyesha jambo ambalo mlevi wa kawaida hulijua bila kulisema: chungu ni mahali pa udugu, na ni hapohapo mtu anapoogopa kuwekewa sumu. Unakunywa na wale wanaoweza kukudhuru, kwa kuwa ndio walio karibu. Sijui maelezo bora zaidi ya maisha ya njia za panya. Anayekuchoma kwa askari wa forodha hawezi kuwa mtu wa mbali. Wa mbali hajui umepita saa ngapi. Ni jirani uliyemnyima mzigo, au mshirika wa jana. Kwa hiyo tajiri mwenye akili hugawa. Anatoa mchango msibani, analipia karo, anawapa kazi vijana ambao hawahitaji sana. Wanaomsifu kwa ukarimu hawakosei, na wanaosema ananunua midomo hawakosei pia.

Ikiwa sheria ya kwanza ni ya ujamaa, ya pili ni ya lugha. Askari huitwa afande au mkubwa, hata akiwa na umri wa kuwa mtoto wako. Mama mwenye trei za mayai atamwita mwanangu, na hapo amemtega: mtoto gani anavunja mayai ya mama yake hadharani? Kijana atamwita shemeji, kwa utani wenye kipimo. Maneno haya ni ya bure na hayamzuii askari aliyeamua kukamata, lakini yanaweka gharama kwenye ukatili, kwani askari naye amepanga chumba mtaani na anakula kwenye mgahawa wa mtu. Watafiti Kristof Titeca na Rachel Flynn walikuta jambo kama hilo Panyimur, bandari ndogo ya Ziwa Albert inayofanya biashara na Kongo. Wafanyabiashara na maofisa walikuwa na kiwango kinachokubalika cha kulipa, kisichoandikwa popote, na ofisa aliyevuka kiwango hicho alionekana kuwa ndiye mhalifu. Kituo chake cha kazi kikawa kigumu.

Kuna tawi moja la kazi hii ambalo halina mfano mwingi duniani. Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na Herbert Muyinda wa Makerere waliandika mwaka 2007 kuhusu walemavu wa Busia, wengi wao walioachwa na polio bila nguvu za miguu, wanaotembelea baiskeli za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mikono. Maofisa wa forodha waliwaacha wapite. Hapakuwa na kifungu cha sheria kilichosema hivyo. Ilikuwa huruma, na nadhani pia kulikuwa na soni: ofisa aliyevalia sare kumpekua mtu asiyeweza kusimama, mbele ya umati, si picha anayoitaka. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuiona nafasi. Baiskeli hizo zikaimarishwa ili zibebe zaidi, zikajazwa bidhaa chini ya kiti na nyuma yake, na kwa kuwa mzigo ulizidi nguvu za mikono, mwenye baiskeli akaajiri kijana mzima wa kusukuma.

Tafakari mpangilio huo. Katika vijiji walikotoka, wengi wao walikuwa mzigo wa familia, watu wa kukaa kivulini. Busia wakawa waajiri. Wakaoa, wakajenga, wakasomesha. Chombo kilichotolewa kama msaada kikawa mtaji, na ulemavu ukawa, kwa maneno ya biashara, leseni. Jambo kama hilo limetokea kwenye Mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, ambako walemavu walipewa nauli nafuu kwenye feri na wakageuka kuwa wachukuzi wakuu wa mizigo midogo kati ya miji mikuu hiyo miwili. Anayeita mambo haya udanganyifu ana hoja, maana faida kubwa ilibaki kwa mwenye mali aliyekodi huruma ya watu. Mimi nasita kumuunga mkono. Serikali mbili zilishindwa kuwapa watu hawa kazi, mpaka ukawapa.

Pigo lao lilikuja kwa sura ya heri. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na ushuru wa bidhaa za Kenya zinazoingia Uganda ukapunguzwa hatua kwa hatua hadi ukaisha mwaka 2010. Ushuru ukishuka, faida ya kuukwepa inashuka nao, na mwenye mali hana tena sababu ya kumkodi mtu mwenye baiskeli ya mikono wakati lori linapita kwa bei karibu ileile.

Tufike kwa serikali yenyewe, kwa sababu bila hiyo picha ina tundu katikati. Mwanahistoria Charles Tilly aliandika mwaka 1985 kwamba dola za Ulaya zilikua kwa njia inayofanana sana na ya majambazi wanaouza ulinzi: lipa, nikulinde dhidi ya wengine na dhidi yangu. Watu wa njia za panya hawajamsoma Tilly na hawahitaji. Wanajua kwamba kuna fedha inayolipwa dirishani ikatolewa risiti, na kuna inayolipwa kichakani isiyo na risiti, na mara nyingi mkono unaopokea umevaa sare ileile. Kinachowasumbua zaidi ni wingi wa mikono. Wakikutana na askari wa forodha, kisha polisi, kisha mgambo, kisha mtu asiye na sare anayedai kutumwa, faida ya gunia inaisha kabla ya gunia kufika. Ukisikia mvushaji analalamikia rushwa, sikiliza vizuri: huenda analalamika kwamba haina utaratibu.

Halafu kuna magendo ambayo hayajawahi kukanyaga tope. Kontena linashushwa Mombasa, linaandikwa kwamba linakwenda Uganda, Kongo au Sudan Kusini, na kwa hiyo halilipiwi ushuru Kenya. Karatasi zinafika Malaba, zinagongwa mhuri, zinasema limevuka. Bidhaa zenyewe zimeshushwa njiani na zinauzwa Nairobi. Katika mchezo huu hakuna baiskeli wala shemeji wala mluzi. Kuna wakala, mhuri na mtu wa kompyuta, na hasara ya hazina kwa kontena moja inaweza kushinda ya wavushaji wengi wa mayai waliojumlishwa pamoja. Kwa ajili hiyo mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa kufuatilia malori kwa vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye kontena. Hilo lilikuwa jambo la maana. Lakini nani huonyeshwa kwenye televisheni ameketi chini, mzigo umepangwa mbele yake? Ni kijana wa baiskeli.

Msomaji asidhani ninasema eneo hili halijawahi kuona genge la kweli. Limeliona, na kwa kulitazama tunaelewa tofauti. Mwendo mfupi kaskazini mwa Malaba, kwenye Mlima Elgon, lilitokea kundi la Sabaot Land Defence Force, lililozaliwa na ugomvi wa mashamba ya makazi ya Chebyuk. Kati ya 2006 na 2008 lilikuwa na kila kitu ambacho magendo ya Busia hayana. Lilikuwa na kamanda, Wycliffe Matakwei. Lilikuwa na kodi yake, mahakama zake na adhabu zake, mojawapo ikiwa kukata masikio. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa na kundi hilo. Machi 2008 jeshi la Kenya lilianzisha Operesheni Okoa Maisha, nayo ikashutumiwa kwa kutesa na kupoteza wanaume wa mlimani. Matakwei aliuawa Mei mwaka huo. Kundi hilo lilikuwa miongoni mwa 33 yaliyopigwa marufuku mwaka 2010 chini ya sheria mpya ya Kenya ya kuzuia uhalifu wa kupangwa, pamoja na Mungiki.

Genge la mlimani lilikula watu wake lenyewe. Bidhaa yake ilikuwa woga, na woga huhitaji bosi, kwa sababu ukiuzwa na wengi kila mmoja anadai kodi yake na wateja wanakimbia. Bidhaa ya Busia ni tofauti ya bei, na hiyo haina mwenyewe. Ndiyo maana mtu akikamatwa hapa, au akifa, au akiokoka na kuwa mchungaji, njia haifungwi hata kwa wiki moja. Operesheni za kuwasaka vigogo wa magendo hazina kigogo wa kumwangusha. Zinamtoa mmoja, wengine wanagawana wateja wake.

Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo anayevuka anasimama mara moja tu, upande anakoingia. Malori yalinufaika waziwazi. Kwa mfanyabiashara mdogo upo pia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha, unapita kwa cheti chepesi cha asili bila ushuru wa forodha. Kwa maana nyingine, wengi wa akina mama wanaopita kichochoroni na mahindi, maharagwe au nyanya wanakwepa ushuru ambao hawadaiwi. Wanakwepa muda, vibali vya afya ya mimea na viwango, maswali ya Kiingereza, na hofu ya kuambiwa leo sheria imebadilika. Na baada ya mayai, maziwa na mahindi, nani atawaambia hofu hiyo ni ya kipuuzi? Machi 2020 Uganda ilipofunga mipaka kwa watu kwa sababu ya korona, malori yaliruhusiwa kuendelea, yakajipanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia kusubiri vipimo vya madereva. Mama wa kikapu hakuruhusiwa kabisa. Alirudi alikozoea.

Kwa hiyo, msomaji, ukipita Busia usisumbuke kuuliza bosi wa magendo ni nani. Ingia duka lolote upande wa Kenya, uliza kilo ya sukari na lita ya petroli. Vuka, uliza tena. Ukiwa na bei hizo nne na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo, utajua baiskeli za usiku zitakuwa zimebeba nini na zinaelekea wapi, na utakuwa umejua zaidi ya waziri anayetangaza katazo jipya akiwa Nairobi au Kampala.